Rezista Niliyoichomoa

Nimekwisha kupita miaka hamsini, nilisomea ualimu, na leo nakiri kosa langu mbele yenu.

Kijana mmoja wa hapa kwetu Rurambo alishuka Uvira, akarudi na bodi ndogo ya Arduino na rezista mbili, yaani vidude vya kuzuia sehemu ya umeme. Alikusudia kuandika neno KARIBUNI kwenye televisheni kuukuu tunayoiwasha kwa paneli ya jua, ile yenye tundu la njano la kupokelea picha. Bodi hiyo ina kumbukumbu ya baiti 2,048 tu, na picha ya nukta 128 kwa 96 humeza 1,536. Hata hivyo, jioni ile neno lilitokea, jeupe juu ya weusi, limetulia.

Mimi nilitaka ling'ae zaidi. Nikamwuliza kazi ya kila rezista.

“Mwalimu, hii ya omu 470 hupitisha picha. Ile ya omu 1,000 haina picha, bali...”

Sikumngoja amalize. Isiyobeba picha, niliwaza, inapunguza mwanga bure. Nikaichomoa. Maandishi yakayumba, yakakatika, yakapotea. Wenzake wakacheka, nami nikasema, “Mwanangu, kazi hii imekushinda.” Hakunijibu. Jumapili mbili hakuonekana kikundini.

Nilimfuata kwao. Alinipa kiti, akachuchumaa, akachora mstari mavumbini, akanieleza bila kinyongo. Bodi yake hutoa volti 5 au 0, basi; televisheni hutaka kati ya 0 na 1. Rezista zile mbili, zikishirikiana na omu 75 zilizomo ndani ya televisheni, huishusha nguvu hiyo kwa ngazi: kama volti 0.3 kwa weusi, karibu 1 kwa weupe. Nayo 0 si rangi. Kila mstari wa picha huchukua sehemu 64 za milioni ya sekunde, na mwanzoni mwake umeme hushuka hadi 0 kwa sehemu 4.7, kuiambia televisheni, “Anza hapa.” Mistari 15,625 kila sekunde, na kila mmoja huungoja wito huo. Mimi nilikuwa nimeung'oa.

“Mbona hukunisahihisha siku ile?”

“Mwalimu, ulikuwa umekwisha kusema.”

Jibu hilo liliniuma kuliko kicheko cha vijana kilivyomwuma yeye. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kikundi chote, nikataja aliyeiharibu picha. Kisha yeye akairudisha rezista mahali pake, na KARIBUNI ikasimama imara.

Katika kikundi chenu, ni nani mnayemwona hana kazi kwa kuwa kazi yake haionekani? Kabla hamjamwondoa, mwacheni amalize sentensi yake.