Usiku niliofuta wagonjwa wote (karibu)

Wasee, leo nakiri. Juzi nilisasisha programu ya rekodi za wagonjwa ya zahanati moja huku Fort Ternan, saa tano usiku. Kuifungua, idadi ya wagonjwa: sifuri.

Programu ni OpenMRS, na si mgeni huku kwetu. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, pale Nandi, kilianza kuweka rekodi kwa kompyuta. Kazi hiyo ndiyo iliyoelekea kuzaa OpenMRS, na Eldoret wakaanza kuitumia 2006. Yetu iko kwa seva ya kukodisha mtandaoni, ndani ya makontena ya Docker. Kontena ni kama sufuria, unatupa ya zamani unaweka mpya. Chakula chenyewe, yaani data, kinakaa kando kwa volumu. Hiyo nilijua, ndio maana nilijiamini hadi sikufanya bekapu.

Nikadhani seva imejaa. Nikaandika amri ya kufuta volumu zote zisizotumika. Kabla nibonyeze, stima ikapotea, waifai ikaenda nayo, na bando sikuwa nayo.

Saa mbili asubuhi sista akapiga simu. "Kijana, niko na kogo hapa wa presha. Hakumbuki jina la dawa yake, na kompyuta inasema hatumjui."

Nilinyamaza tu.

Kosa lilikuwa folda, manze. Faili mpya nilikuwa nimeziweka kwa folda mpya. Docker Compose huchukua jina la folda na kulibandika mbele ya jina la volumu, kwa hivyo jina likibadilika, inatengeneza volumu nyingine, tupu, bila hata kulalamika. Ile ya zamani bado ilikuwa pale, imejaa watu, na kwa sababu hakuna kontena iliyoishika, ilihesabika kama haitumiki. (Mabaki ya Kenyapithecus yalikaa chini ya ardhi hii miaka milioni 14. Mimi nusura nimalize kliniki na mstari mmoja.)

Nikarudisha jina la zamani. Nikachukua bekapu, nikaifungua kwa laptop yangu kuona kama wagonjwa wamo kweli, ndio nikawasha toleo jipya.

Kogo alipata dawa yake saa tano, baada ya kukaa kwa benchi asubuhi yote. Sista hajaniuliza kilichotokea. Lakini siku hizi anaandika kila kitu kwa daftari pia, na sina mdomo wa kumwambia aache.