Kutenda na Kutendesha

Mwalimu mstaafu akishapata kiinua mgongo chake, jambo ambalo watu humwuliza kabla ya mengine ni hili: "Mwalimu, umeshajenga?" Naye, akiwa amebahatika, hujibu kwa fahari, "Nimejenga." Hakuna anayeshangaa, ingawa wote wanajua kwamba hakuchanganya zege wala hakupanda juu ya kenchi kupigilia bati. Lakini jibu hilo likigeuzwa neno kwa neno kuwa "I have built a house", Mwingereza huenda akaitazama mikono ya mwalimu kutafuta sugu. Ili asieleweke vibaya, mwalimu itambidi aseme, "I have had a house built": nyumba imejengwa, mimi ndiye niliyefanya ijengwe, na mikono iliyofanya kazi ni ya watu wengine.

Somo hili la kusababisha tendo nililifundisha miaka mingi, kwanza nikiwa mkufunzi wa Kiingereza katika chuo cha ualimu, na baadaye nikiwa mkuu wa shule ya sekondari. Wanachuo walihangaishwa zaidi na mpangilio wa maneno. "I had my shoes repaired" maana yake ni kwamba viatu vyangu nilivipeleka kwa fundi. "I had repaired my shoes" maana yake nilikuwa nimekwisha kuvitengeneza mwenyewe. Maneno ni yale yale matano. Limehama neno moja tu, na fundi viatu amekosa ujira wake.

Sisi Waswahili jambo hili si geni kwetu, kwa kuwa tunalo ndani ya kitenzi chenyewe. Mtoto analala, mama anamlaza. Mti unaanguka, mkata miti anauangusha. Hata Kiingereza kilikuwa na tabia hiyo zamani, na mabaki yake yapo mpaka leo: "lie" ni kulala na "lay" ni kulaza, "fall" ni kuanguka, na "fell" ni kuangusha mti. Wanachuo waliokuwa wakichanganya "lie" na "lay" niliwaambia waulize kwanza kwa Kiswahili, je, hapa pana kulala au kulaza? Wengi walipona ugonjwa huo siku ile ile.

Hata hivyo, iko tofauti moja ambayo imenifikirisha sana. Tunasagisha mahindi mashineni. Tunashonesha sare za watoto kwa fundi cherehani. Lakini nani amewahi kukuambia kwa fahari, "Nimejengesha nyumba"? Neno lenyewe laweza kuundwa, wala sarufi hailikatai, ila halimtoki mtu mdomoni. Nadhani sababu ni kwamba unga hauna sifa ya kugombewa. Nyumba ina sifa, na penye sifa mwenye fedha hupenda kubaki na kitenzi chote peke yake. Wala tusidhani kwamba Kiingereza kimepona kabisa, kwani vitabu vyao vya historia navyo husema kwamba Shah Jahan alijenga Taj Mahal, kana kwamba mfalme yule alibeba marumaru mgongoni.

Kwa upande mwingine, Kiingereza kinatushinda kwa jambo moja. Kiambishi chetu kinasema kwamba fulani amesababisha, lakini hakisemi amesababisha vipi. Chukua sentensi hii: "Mkuu wa shule alitulimisha shamba." Je, alitulazimisha, alituagiza, alitubembeleza, au alituruhusu? Kiingereza hapo kinadai uchague. Ukisema "made us dig", alitumia nguvu. Ukisema "had us dig", aliagiza kwa cheo chake, na jambo likafanyika bila mvutano. Ukisema "got us to dig", ilimbidi atushawishi kwanza. Na ukisema "let us dig", sisi ndio tuliotaka, yeye akakubali tu.

Mfano huo haukutoka hewani. Tangu siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shule zetu zilikuwa na mashamba, na shule niliyoiongoza ilikuwa na lake la mahindi na maharage. Siku moja niliingia kidato cha tatu, nikaandika vitenzi hivyo vinne ubaoni, nikawaambia kila mmoja atunge sentensi moja ya kweli juu ya mkuu wa shule na shamba. Niliahidi kwamba hakuna atakayeadhibiwa. Wengi waliandika "made", na nilizisoma sentensi zao zote kwa sauti. Wachache waliandika "got". Kijana mmoja, mpole ambaye sikuwa nimemsikia akizungumza darasani, aliandika "had". Nilipomwuliza sababu alisimama akasema, "Mwalimu, hukutupiga wala hukutubembeleza. Ulisema tu, na wewe mwenyewe ukashika jembe, nasi tukaenda." Nilimpa alama zote. Tangu siku hiyo, kabla ya kutoa amri shuleni, nilikuwa nikijiuliza watoto hawa wataieleza kesho kwa kitenzi kipi.

Liko neno moja la aina hii ambalo Kiingereza hakiliwezi vizuri, nalo ni kusomesha. Baba yangu hakujua kusoma. Barua zilipokuja alinipa mimi nimsomee, naye akasikiliza huku ameinamisha kichwa. Lakini pale kijijini kila mtu alisema, "Mzee yule amemsomesha mwanawe," na hakuna aliyeona kwamba maneno hayo yanapingana. Ukisema "My father had me educated", sarufi ni safi kabisa, ila mimi naonekana kama suruali iliyopelekwa kwa fundi ipunguzwe. Kusomesha kuna joto ambalo sentensi hiyo haina. Mtu asiyejua herufi hata moja anahesabiwa kuwa chanzo cha kila kitabu ambacho mwanawe atakifungua.

Lakini, ndugu msomaji, hata neno hilo zuri linahitaji kuulizwa swali ambalo sarufi ya Kiingereza imenizoeza kuliuliza: ni mikono ya nani? Ada yangu ilitokana na kahawa. Kahawa ile mama ndiye aliyeipalilia na kuichuma, akaimenya na kuianika, huku mdogo wangu akiwa mgongoni. Ikisha kukauka ilipelekwa kwenye chama cha ushirika, ikapimwa na kuandikwa katika daftari kwa jina la baba, kwa kuwa mwanachama alikuwa baba. Simlaumu mzee wangu, kwani yeye ndiye aliyeamua kwamba fedha ile iende shule badala ya kununulia ng'ombe, na uamuzi huo si kitu kidogo. Ila daftari la chama halikuwa na mahali pa kuandika aliyechuma.

Wajukuu zangu huniuliza mara kwa mara, "Babu, wewe ulisomeshwa na nani?" Ninawatajia majina mawili, na la bibi yao mkuu ninalitanguliza.