Chaki Ibaki Mkononi mwa Mtoto

Leon Fleisher, mpiga piano wa Marekani, alishinda mashindano ya Malkia Elisabeth mjini Brussels mwaka 1952. Mnamo 1964 vidole vya mkono wake wa kulia vilijikunja, visimtii tena. Akapiga kwa mkono wa kushoto, akaendelea kufundisha. Kwa kuwa hakuweza tena kumwonyesha mwanafunzi kwa kupiga mwenyewe, ilimlazimu atafute maneno.

Sisi mikono yetu ilikuwa mizima. Mtoto alipokwama ubaoni, tulitwaa chaki tukamalizia hesabu. Darasa lilinakili, siku ya mtihani likashindwa.

Fleisher alirudia kupiga kwa mikono miwili miaka ya 1990. Sisi tumejifunza kufunga yetu nyuma na kuuliza: "Umefikaje hapo?" Ndugu walimu watarajiwa, jaribuni.