Kilo Kumi na Tano na Nusu

Vigari vingi vya watoto hapa Uingereza vimebandikwa karatasi ndogo kwenye bomba la pembeni, imeandikwa uzito wa mwisho: kilo 15. Binti yangu ana kilo 15 na nusu. Ana miaka mitatu na miezi minane, na anatembea. Tena anatembea vizuri kuliko mimi, kwa sababu mimi nina begi la kompyuta na vitabu vya maktaba, yeye hana mzigo wowote.

Shida ni kwamba anatembea mpaka pale anapoamua basi. Hapa Leeds, kutoka shule yake ya awali mpaka tunapoishi ni kama kilomita mbili, na njia ya kurudi nusu yake ni mlima. Asubuhi tunateremka, anakagua kila dimbwi la maji. Jioni ya Novemba, jua likiwa limeshazama tangu saa kumi, anafika chini ya mlima, anakaa kwenye lami yenye baridi na kutangaza: "Mama, miguu imeisha."

Mama yangu, aliyeko Tanga, hakuelewa kwa nini natafuta kigari. "Mtoto mkubwa vile umsukume kama mgonjwa? Mwache atembee. Wewe ulitembea."

Ni kweli nilitembea. Ila nilitembea Ngamiani, barabara mbili tatu kwa wakati, na kila kona ilikuwa na mtu wa kunipokea. Nikichoka, mjomba alinipakia kwenye bomba la baiskeli yake. Dada wa jirani alinifunga mbeleko, miguu yangu ikining'inia karibu na magoti yake. Shangazi alinikalisha barazani kwake mpaka mama amalize shughuli za sokoni. Hakuna aliyehesabu kilo. Uzito wangu uligawanywa kwa watu saba au wanane, na mama akabaki na kumbukumbu kwamba alizaa mtoto hodari wa kutembea. Hapa sina wa kugawana naye. Baba yake yuko kazini Dodoma, tunamwona kwenye simu. Mbeleko nilikuja nayo, lakini mgongo ni mmoja na kompyuta imeshauwahi.

Basi nikaanza kutafuta, nikagundua kwamba maduka yanamfikiria mtoto mchanga tu. Vigari vina vitanda, vina magurudumu kama ya trekta, na vyenyewe vina uzito unaokaribia wa mtoto. Kigari cha mtoto anayetembea ni kitu kingine kabisa, kwa sababu muda mwingi kinakuwa kitupu. Unakikokota, unakibeba ngazini, unakikunja kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika mtoto anayetaka kukimbilia njiwa. Aliyelielewa jambo hilo mapema ni mzee mmoja Mwingereza, Owen Maclaren, mhandisi mstaafu aliyewahi kushughulikia magurudumu ya kutulia ya ndege ya kivita ya Spitfire. Alimwona binti yake akihangaika safarini na kigari kizito cha mjukuu wake. Mwaka 1965 akaomba hataza ya kigari cha mabomba ya alumini kinachojikunja kama mwavuli, chenye uzito usiofika kilo 3. Nampenda mzee huyu. Alitazama tabu ya mama, siyo urembo wa mtoto.

Kukunja kuna uzito wake huku. Mwaka 2012, basi lililokuwa likija hapa Leeds kutoka Wetherby lilimwacha Doug Paulley, abiria wa kiti cha magurudumu, kwa sababu nafasi yake ilikuwa imekaliwa na mama mwenye kigari. Mtoto alikuwa amelala, na mama alisema kigari hakikunjiki. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na Januari 2017 ikaamuliwa kwamba dereva asiishie kuomba tu. Mtu akikataa kuhama bila sababu ya maana, dereva afikirie hatua zaidi, hata kusimamisha basi dakika chache. Naona haki ilikuwa upande wa Paulley. Lakini yule mama nimemfikiria mara nyingi: mtoto amelala, mikoba, macho ya basi zima. Sitaki kuwa yeye, kwa hiyo dukani nilikunja na kukunjua kila kigari mara tatu, muuzaji akinitazama.

Nilichokuja kukipata kilikuwa kwenye duka la mitumba la shirika la hisani, pauni 18. Kimeandikwa kilo 22, maana kiwango cha Ulaya cha vigari siku hizi kina sehemu yake ya watoto waliovuka kilo 15. Nilimkalisha binti yangu nikaangalia mambo mawili: kichwa chake kisipite kiegemeo, na miguu ifike mahali pa kukanyagia isije ikaburuzwa. Breki inakwama kidogo. Turubai la mvua halikuwepo. Jambo moja nimejifunza kwa macho ya jirani: ukining'iniza mchele kwenye mishikio, mtoto akiruka chini, kigari chepesi kinalala chali na mchele wako.

Wapo wanaotutazama kituoni. Bibi mmoja aliinama akamuuliza binti yangu, kwa upole kabisa, kama miguu yake ni mizima. Akajibu kwamba ni mizima, ila imeisha.

Mama yangu nilimwonyesha kigari kwenye simu wiki iliyopita. Alikaa kimya, akaniambia nikigeuze aone magurudumu. Akauliza kinabeba kilo ngapi.

"Ishirini na mbili, mama."

"Na wewe nani anakupokea huko?"

Nikamwambia mtandao unasumbua, nimpigie baadaye. Binti yangu alikuwa ameshakichukua kigari, anakisukuma sebuleni, ndani yake ameketisha begi langu la kompyuta na kulifunga mkanda.