Kanisa Lililokubali Kubadilika

Majengo ya kale aghalabu huponzwa na sifa: yakishaitwa urithi, hufungwa milango na kukatiwa tiketi. Kanisa dogo la St Bartholomew-the-Less, lililomo ndani ya hospitali ya St Bartholomew jijini London, limeepuka hayo, na naamini limeepuka kwa sababu kila zama zililigeuza lizifae. Rahere, mtu wa karibu na mfalme Henry wa Kwanza, alianzisha hospitali hiyo pamoja na nyumba ya watawa mwaka 1123. Enzi hizo sala ilikuwa sehemu ya tiba: maskini aliyelazwa alipewa kitanda, chakula na ibada, na wahudumu wake walikuwa watawa. Kanisa lilihamia lilipo sasa mwaka 1184. Henry wa Nane alipoivunja nyumba ya watawa mwaka 1539, hospitali ilikosa mapato, mpaka jiji lilipokabidhiwa kuiendesha mwaka 1546. Hapo kanisa likawa la parokia, na waumini wake wakawa wakazi wa eneo la hospitali. Msanifu majengo Inigo Jones alibatizwa humo mwaka 1573.

Atatokea wa kuuliza: ni kanisa gani la zama za kati hilo, ikiwa la kale lililosalia ni mnara na upande wa magharibi tu? Swali ni la haki. Mwaka 1789 George Dance alianza kujenga ndani ya kuta za zamani ukumbi wa pembe nane, wa mbao. Mbao zikaoza, na mwaka 1823 Thomas Hardwick akaujenga upya kwa umbo lile lile, safari hii kwa vifaa imara zaidi. Vita Kuu ya Pili ikaliharibu, likafunguliwa tena mwaka 1951. Lakini mnarani zimo kengele mbili za karne ya 14 na ya 15, zikining'inia kwenye fremu ya zama hizo hizo. Zimedumu kwa kuwa daima walikuwapo watu wa kuitwa.

Mwingine atasema hospitali ya leo, yenye mabingwa wa moyo na saratani na wagonjwa wa kila dini, haina haja na kanisa, na kwamba parokia yenyewe ilikoma mwaka 2015 ilipounganishwa na St Bartholomew the Great. Kilichokoma ni cheo. Anayesubiri majibu ya kipimo bado anahitaji mahali pa kukaa kimya nje ya wodi, awe anasali au hasali. Haja hiyo ndiyo inayofaa kulindwa kwanza, kisha mawe.