Umeme Upo, Maji Yapo, Joto Limekwenda Wapi?

Kuna watu wanadhani mapenzi ndiyo yanaongoza kwa kukatisha tamaa hapa mjini. Hao hawajawahi kuoga Arusha mwezi wa saba, saa kumi na moja alfajiri, povu limejaa kichwani, halafu bomba la mvua la umeme linakata joto ghafla. Utakumbuka nyimbo zote za shule ya msingi!

Mimi nimepanga Sakina, nyumba moja na wenzangu watatu. Shawa yetu ilikuwa inatoa maji kwa kusuasua, tena ya baridi, wakati swichi imewaka. Wapangaji wakatoa hukumu: imeungua, nunueni nyingine. Mjini kila kitu kikigoma, dawa ni kununua kingine!

Nikaona kwanza nipime. Nikachukua ndoo ya lita 10 na saa. Koki ya chini, humo humo bafuni, ikaijaza kwa dakika moja hivi. Shawa ikatumia zaidi ya nane. Basi maji yalikuwepo, ila yalikuwa yanakwama njiani.

Ndani ya shawa hizi kuna kiwambo cha raba, kama ngozi ya ngoma. Maji yakiingia kwa nguvu yanakisukuma, vyuma vinagusana, umeme unafika kwenye koili. Maji yakiwa dhaifu, kiwambo hakisogei na koili inabaki baridi. Hiyo ni kinga, maana koili ikiwaka bila maji ya kutosha inaungua.

Fundi aliyeitwa na jirani alikuwa na njia ya mkato. "Braza, nakuunganishia dairekti. Hiyo raba longolongo tu, dakika tano unaoga moto."

Wiki hiyo mama yangu alikuwa anakuja kutoka Tanga. Mtu wa pwani, umri umekwenda, baridi ya Arusha ataiweza wapi? Kwa kweli maneno ya fundi yalikuwa matamu. Lakini shawa ya wati 5,500 kwenye umeme wa volti 230 inavuta karibu ampia 24. Huo siyo umeme wa kumfanyia mtu aliyelowa majaribio. Nikamwambia, "Fundi, anayeingia humo ni mama yangu mzazi. Kwanza nionyeshe waya wa ati."

Akafungua. Waya wa ati ulikuwa umekunjwa nyuma ya shawa, haujaungwa popote! Siku zote tulikuwa tunaoga hivyo hivyo, watu wanne, tunaimba. Fundi akakaa kimya. Tukatafuta fundi umeme mwenye leseni, akauunga mpaka kwenye ati ya nyumba. Hiyo ndiyo ikawa kazi ya kwanza, kabla ya kugusa maji.

Ya pili ikawa usafi. Zima swichi kuu ya nyumba, usiridhike na ile ya bafuni. Funga maji, fungua uso wa shawa. Wetu ulikuwa umeziba kwa chokaa, matundu yanayopumua yanahesabika. Tukauloweka kwenye siki usiku kucha, asubuhi tukausugua kwa mswaki wa zamani. Pale bomba linapoingilia kuna chujio dogo, nalo lilijaa mchanga. Maji yakikatika siku mbili tatu, yakirudi yanakuja na takataka zote za barabarani. Ukirudishia, fungulia maji kwanza mpaka yatoke vizuri, ndipo uwashe umeme.

Joto likarudi, ila la kubahatisha. Tanki likijaa tunaoga, likipungua tunatetemeka. Hapo tatizo lilikuwa kimo. Kila mita 1 ya kimo cha maji inaleta presha ya baa 0.1 tu, na kitako cha tanki letu kilizidi shawa kwa nusu mita. Tukachanga wanne, tukauinua mnara kwa mita moja na nusu. Mzee mwenye nyumba aliguna kwanza, lakini alipoelezwa habari ya ati akakubali gharama ikatwe kwenye kodi.

Sasa usije ukatamani maji ya kuporomoka kama Niagara. Shawa ya wati 5,500 ikipitisha lita 3 kwa dakika, inaongeza joto karibu nyuzi 26. Ikipitisha lita 6, inaongeza 13 tu. Kwa hiyo siku ya baridi punguza koki taratibu, ila ukizidisha kiwambo kinalala na wewe unaganda. Kuna katikati yake, mkono utaizoea.

Mama alifika Ijumaa usiku, akaingia bafuni na kanga yake. Dakika ishirini! Mimi niko sebuleni napiga hesabu za LUKU: hapo karibu uniti 2 zimekwenda na maji. Akatoka anang'aa. "Mwanangu, huku mna kuni za wapi zinazochemsha upesi hivi?"

Sikumwambia habari ya ule waya, angepanda basi asubuhi yake. Lakini wewe nakwambia: fundi akija kwako, kabla hujauliza bei muulize ati iko wapi. Akicheka, mpe nauli arudi kwao.