Kijiji Kilichokuwa na Barabara Moja

Mgeni afikaye Nyeri hakosi historia ya kuonyeshwa. Ataonyeshwa kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa chama cha skauti, aliyefariki tarehe 8 Januari 1941, na nyumba ndogo ya Paxtu alimoishi siku zake za mwisho katika uwanja wa hoteli ya Outspan. Ataonyeshwa Ruring'u, ambako jengo la mahakama ya Waafrika lililojengwa mwaka 1924 limegeuzwa kuwa makumbusho. Akipita Kimathi Way ataiona nguzo ya kumbukumbu ya waliokufa wakipigania uhuru, na huenda mtu akamdokezea kwamba Dedan Kimathi alihukumiwa kifo katika mji uo huo mwezi wa Novemba 1956. Akitaka kujua jinsi Wakikuyu wa kale walivyoishi, atapelekwa kwenye kijiji cha utamaduni.

Ni kwenye kijiji kimoja cha namna hiyo, si mbali na mji, ambako mwalimu mmoja kijana alimpeleka nyanya yake Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, manyunyu yakianguka na mlima ukiwa umejificha. Nyanya ni mzaliwa wa Tetu, umri wake umepita miaka themanini. Kijana amepewa jina la marehemu babu yake, mume wa nyanya huyo. Kwa hiyo, kwa utani unaoruhusiwa baina ya bibi na mjukuu, nyanya humwita "mume wangu". Mume huyu alikuwa na nia njema, na haja yake pia haikukosekana: wanafunzi wake walitakiwa waandike insha kuhusu maisha ya zamani, naye alitaka apate la kuwaeleza.

Mwongozaji alikuwa binti aliyevaa vazi la ngozi juu ya suruali ya jinzi. Aliwaonyesha nyumba ya mama na mafiga yake matatu, thingira ya baba, ghala la nafaka na zizi la mbuzi. Nyanya aliridhika na mengi. Aligusa ezeko, akainusa kuni, kisha akasimama mbele ya ghala na kusema miguu yake ni mifupi, panya watakula mtama wote kabla ya mvua. Binti akacheka. Ndipo nyanya akauliza, bila kejeli yoyote:

"Na kijiji kiko wapi?"

"Ndicho hiki, Cucu."

"La, mwanangu. Huu ni mũciĩ wa mtu mmoja na wake zake. Kijiji nimekaa mimi. Kilikuwa na barabara moja tu, imenyooka kama rula."

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, hapa pana jambo la kuzingatiwa. *Mũciĩ* ya Kikuyu na *mji* ya Kiswahili ni ndugu wa nasaba moja, na kimofolojia *kijiji* ni udogo wa *mji*. Lakini maneno yaliyo ndugu si lazima yabebe mzigo mmoja. Wakikuyu wa kale hawakukaa katika vijiji. Waliishi wametawanyika juu ya migongo ya milima, kila ukoo na ardhi yake, kila familia ndani ya ua wake. Nyumba zilizopangwa mstari, mlango ukitazamana na mlango, hawakuwa nazo. Kwa wazee wengi wa Nyeri, neno *gĩcagi* linapotajwa, kinachowajia akilini ni kijiji cha Hali ya Hatari, walichoingizwa kwa nguvu.

Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Kuanzia katikati ya mwaka 1954 serikali ya kikoloni iliamuru watu wa mashambani wahamishwe, ili wapiganaji wa Mau Mau walioko msituni wasipate chakula wala habari kutoka kwa jamaa zao. Kufikia Oktoba 1955, watu zaidi ya 1,000,000 walikuwa wamehamishiwa katika vijiji 854. Nyumba zao za zamani zilichomwa au kubomolewa. Vijiji vilizungushiwa mahandaki yaliyochomekwa miti iliyochongoka, na seng'enge. Palikuwa na mnara wa ulinzi na walinzi wenyeji waliojulikana kama homgadi. Kafyu iliweza kuwafungia watu ndani karibu mchana na usiku. Wanawake walitolewa kwenda kuchimba mahandaki pembezoni mwa msitu. Njaa na maradhi viliua, na waliotangulia kufa ni watoto na wazee.

Hayo yote yamo vitabuni. Isitoshe, tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake na kukubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Basi kwa nini hakuna aliyejenga upya mtaa mmoja wa kijiji hicho, na handaki lake, ili watoto wa shule wautembee? Tumezoea kuonyeshwa maboma. Kituo cha Bomas of Kenya kilichoanzishwa mwaka 1971 kule Langata kiliwekewa makao ya kiasili ya jamii mbalimbali (jina lenyewe ni la kustaajabisha, kwani nomino yetu, ambayo wingi wake ni maboma, imetiwa s ya Kiingereza bila aibu). Makao hayo yana thamani yake. Lakini yote husimama kabla ya maumivu, kana kwamba historia yetu ilikoma siku ambayo mzungu alibisha hodi.

Wenzetu nao hawakufika upesi. Mjini Williamsburg, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, kazi ya kuurudisha mji wa karne ya 18 ilianza mwaka 1926 kwa fedha za tajiri John D. Rockefeller mdogo. Wageni walitembea katika barabara yake kuu, Duke of Gloucester, wakiwatazama wahunzi na mabibi wenye magauni mapana. Takriban nusu ya wakazi wa mji huo wa kale walikuwa watu weusi, wengi wao watumwa. Hata hivyo, mpango maalumu wa kuyaigiza maisha yao haukuanza hadi mwaka 1979. Mnada wa watumwa ulipoigizwa hadharani mwezi wa Oktoba 1994, baadhi ya Wamarekani weusi waliandamana kuupinga. Maana ni lazima atokee wa kucheza anayeuzwa, na ni lazima atokee wa kucheza anayeuza.

Baada ya chai, nyanya alitaka apelekwe kwenye kijiji chake. Matatu iliwashusha katika kituo kidogo cha biashara huko Tetu, mahali ambapo mwalimu amenunua mikate tangu utotoni: duka la dawa za mifugo, kinyozi, wakala wa M-Pesa, mashine ya kusaga unga. Hakuwa amewahi kujiuliza kwa nini barabara ya pale imenyooka hivyo, ilhali njia nyingine zote za mlimani hupinda. Nyuma ya maduka bado wako watu wanaoishi katika vipande vidogo vya ardhi. Mashamba yalipounganishwa na kugawanywa upya wakati wa Hali ya Hatari, wasio na ardhi walibaki vijijini, na wengi wameishi humo miaka mingi bila hatimiliki.

Nyanya alianza kuhesabu kutoka kwenye kinu. Alitembea polepole, akitaja kila mlango kwa jina la mama wa nyumba. Kwenye mlango wa tisa, penye kinyozi, alisimama. Hapo ndipo mdogo wake wa kiume alipofia, mwaka 1955, kwa njaa. Alikuwa bado ananyonya na maziwa yalikuwa yamekauka. Kisha akainua mkono kuelekea upande wa pili, panapoegeshwa bodaboda.

"Mnara ulikuwa pale."

"Nani alikuwa juu, Cucu?"

Hakujibu upesi.

"Wengi. Babu yako pia, mume wangu. Alikuwa kijana. Hakuwahi kunipiga mimi."

Mwalimu alikuwa ameshika daftari, lakini hakuandika. Kwa miaka ishirini na minane ameitikia jina hilo. Alikuwa na maswali ya kumwuliza nyanya, na lililomtoka lilikuwa moja tu: kama mama yake nyanya alijua wakati wa posa.

"Alijua. Kila mtu alijua. Ungeolewa wapi? Watu walikuwa ni hao hao."

Sheria iliyoharamisha Mau Mau haikuondolewa hadi mwaka 2003, na mara nyingi kimya cha familia huelezwa kwa hofu ya sheria hiyo. Kimya cha nyumba hii kilikuwa na sababu ya karibu zaidi.

Kinyozi alitoka akawakaribisha wakae nje ya manyunyu, akamletea nyanya kiti. Nyanya akashukuru, akakaa kidogo, akiwa ameupa mlango mgongo. Ilipokaribia saa kumi na moja alianza kuuliza habari za gari. Tangu utotoni mwalimu alifahamu kwamba nyanya yake hapendi kukutwa njiani na saa kumi na mbili. Nyumbani walisema ni kwa sababu ya baridi.